Mistari ya Shaba Sakafuni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kabla hujaanza kunigombeza kwa kuchelewa kuandika, na uzipokee ukiwa umekaa, kwa sababu barua hii ni ndefu na mimi nakujua: ukisoma umesimama utaishia ukurasa wa kwanza na kuchukua simu. Tafadhali usichukue simu. Nakutakia wewe, shemeji na wote waliomo nyumbani kwako afya njema na usingizi wa kutosha. Sisi huku tunapumua vizuri. Mguu wa Baba umepona, naye amerudia kupanda juu ya paa kufagia majani ingawa sote tumemkataza. Mama anakusalimu sana sana. Mimi mwenyewe, Kipaza Sauti wenu, ni mzima, nimenenepa, nalishwa kama mfungwa aliyetoka kwa msamaha, na chuo bado kimefungwa tangu mgomo wetu.

Utauliza kwa nini barua, katika zama hizi ambazo hata salamu za pole zinatumwa kwa kidole kimoja. Kwanza, kwenye simu hunipi nafasi. Nikivuta pumzi tu, wewe umeshajibu. Pili, hakuna neno linalosemwa kwa simu ndani ya nyumba hii ambalo Mama halisikii, hata akiwa mwisho wa bustani. Nilitaka kwanza niyapange haya kwa utulivu, pasipo kukatizwa na wewe wala kusikilizwa na yeye.

Ulinituma kazi, nami nakuletea taarifa yake. Uliniomba niwalainishe wazee wakubali kuuza nyumba ya Babu na kuhamia mjini kwako, katika ile nyumba ya ghorofani yenye lifti, mlinzi wa getini na hospitali ng'ambo ya barabara. Nilikubali upesi mno hata ukashtuka, ukaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Wewe uliongozwa na upendo, mimi niliongozwa na kanuni. Nilikuwa nimetoka kusimama juu ya meza ya bwalo, mbele ya wenzangu wanaolala wanne wanne katika chumba cha watu wawili, nikiuliza kwa sauti ambayo nasikia ilifika hadi ofisi ya Mkuu wa Chuo: ni haki gani hii, ni akili gani hii, ni dhamiri gani hii? Ningewezaje kushuka mezani pale, nikaja kulala kwa amani katika nyumba ya vyumba vitano inayokaliwa na watu wawili na ukimya wao?

Nyumba hii unaijua, umezaliwa humo. Lakini niruhusu niieleze, maana nilipoingia safari hii niliitazama kama mwendesha mashtaka. Babu, mhandisi wa barabara, aliijenga aliporudi kutoka masomoni, akiamini kabisa kwamba mistari iliyonyooka itawanyoosha na watu watakaoishi ndani yake. Paa bapa limelala juu ya nguzo nyembamba za chuma kama daftari lililofunikwa juu ya penseli. Upande wa barabarani kuna ukuta wa matofali ya matundu, unaopitisha upepo na kuzuia macho ya wapita njia. Upande wa bustani hakuna ukuta kabisa, ni vioo kuanzia darini mpaka chini. Kabati zimejengwa ndani ya kuta. Kati ya jikoni na sebule kuna kile kidirisha cha kupitishia vyombo, tulichokuwa tukikigeuza duka tulipokuwa wadogo. Kutoka hapo unashuka ngazi fupi hadi sebuleni, kwenye sakafu ya terazo ya rangi ya maziwa iliyokatwa miraba mikubwa kwa mistari myembamba ya shaba.

Hakuna kilichobadilika, dada. Viti ni vilevile, na kitambaa kikichakaa Baba anazunguka mji mzima mpaka apate kinachofanana nacho. Taa ya kuning'inia ni ileile. Rangi ya ukutani huchanganywa upya kwa kuilinganisha na kipande kilichojificha nyuma ya kabati. Majirani wote wamevunja, wameongeza, wamepandisha ghorofa. Nyumba yetu peke yake imebaki kama picha ya kalenda ya zamani, na Baba, mwalimu wetu mstaafu wa hisabati, ndiye mlinzi wake.

Basi nikaanza kazi. Wiki ile ya kwanza kila chakula cha jioni kilikuwa mdahalo. Nilimwambia Baba kwamba amekuwa msimamizi wa makumbusho yasiyo na wageni, kwamba anaabudu fanicha, na kwamba nyumba isiyobadilika ni serikali isiyobadilika, zote huishia kuwakandamiza raia wake. Alinisikiliza kama alivyozoea kumsikiliza mwanafunzi anayetoa jibu lisilo sahihi kwa kujiamini. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole kama mapinduzi yangu yanakataza mtu kurudisha kiti chini ya meza akimaliza kula. Nilikuwa nimeinuka nikakiacha kiti changu nje. Akasimama mwenyewe, akakisukuma mahali pake, akarudi kukaa. Mama alicheka mpaka akakohoa, akasema niachwe nizungumze, hizo kelele wamezilipia ada.

Na kiti kilikuwa sheria moja tu kati ya nyingi. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, usiachwe nusu. Kikombe kirudi kwenye ndoano yake, si ya jirani yake. Mkoba usiwekwe sakafuni hata dakika moja. Viatu visiachwe kwenye kizingiti cha varanda. Zulia ni marufuku. Hata bustani niliiona imepotoka: njia za vigae vya saruji ni zilezile za Babu, lakini pale palipokuwa na maua yake ya kujivunia sasa kuna mchaichai kwenye kona, mrehani karibu na bomba, mnanaa chini ya kamba za nguo, asumini imeachiwa kutambaa mlango wa jikoni. Nilimwambia Baba bustani yake inanuka kama duka la dawa. Akajibu kwamba hiyo ni sifa, akaendelea kumwagilia. Utawala mzima niliupa jina: udikteta wa kabati. Mama alilipenda sana jina hilo, akawa anamwita Baba Mheshimiwa Kabati.

Kisha akaja dalali uliyemtuma. Mtu mcheshi, kusema kweli, mwenye mdomo usioota kutu. Mimi aliniita msomi, Baba alimwita mzee wangu, na nyumba aliiita kiwanja. Nilipomuuliza kwa nini kiwanja, akanijibu pasipo kuona haya kwamba kwa mteja wake hiki ni kiwanja kizuri sana, ila kina nyumba juu yake. Baba alimkaribisha chai, akamsikiliza, akamwambia hapana kwa adabu zote, akamsindikiza hadi getini. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na kioo. Dalali alipoondoka akauliza tu kama yule bwana alikuwa amevaa viatu vya ngozi, maana vilimlilia kila hatua kama kifaranga.

Lakini mimi na dalali tulikuwa tumeshaelewana pembeni. Alisema mteja anahitaji picha nzuri. Akileta bei ya kumfumba mtu mdomo, mzee atalainika mwenyewe. Basi tukavizia siku ambayo Baba alikwenda mjini kutafuta kipuri cha pampu ya maji, na Mama alikuwa kwa jirani yetu, yule mkunga mstaafu. Dalali akaingia sebuleni, akatikisa kichwa. Alisema pako wazi mno, sakafu imekaa kama zahanati, picha itatoka na baridi yake. Akaniuliza kama hatuna hata zulia.

Zulia! Unakumbuka, dada? Lile jekundu, zito, ulilomletea Mama mwaka jana. Baba alikushukuru, na jioni ileile akalikunja, akalifungia stoo. Ulilia ndani ya gari ukiwa unaondoka, ukaniambia kwamba mzee huyu anaipenda sakafu ya baba yake kuliko bintiye wa kumzaa. Nililitoa stoo kwa furaha ya mtu anayemtoa mfungwa wa kisiasa gerezani. Nililitandika katikati ya sebule, nikalinyoosha pembe zote, nikajisemea kuwa hatimaye haki ya dada imetendeka. Kochi refu tukaligeuza litazame bustani. Meza fupi tukaisogeza karibu na ngazi. Dalali akapiga picha zake, akanisifu kwamba elimu haikunipita bure, akaondoka na viatu vyake vinavyolia.

Mama alirudi mchana ule kwa njia ya bustani, akaingia kupitia mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na vioo, natunga kichwani maneno ya kumwambia: tazama Mama jinsi badiliko dogo linavyoweza kuipa nyumba uhai. Alikuja akiimba kwa pua, miguu mitupu kama kawaida yake, vidole vikipita juu ya ukingo wa kile kidirisha. Alishuka ngazi. Paja lake likaigonga meza. Hakupiga kelele, aliizunguka tu kwa mkono. Kisha mguu wake ukakanyaga zulia, akasimama.

Nilidhani amefurahi. Nikangoja aseme neno. Aliusogeza mguu kushoto, akausogeza kulia, kama mtu anayetafuta ndara chini ya kitanda. Akapiga hatua mbele, kisha nyingine, mikono yote miwili ameinyoosha mbele yake. Dada, tangu nizaliwe sijawahi kuiona mikono ya mama yetu ikiwa hivyo. Alipapasa hewa pale palipokuwa na mgongo wa kochi. Akageuka. Akapoteza upande. Akawa amenielekea mimi kabisa, jua la mchana likimwangaza usoni, hatua chache tu kati yetu, akauliza kwa sauti ndogo: "Nani amehamisha nyumba?"

Mimi, Kipaza Sauti, niliyewahi kuhutubia bwalo zima bila kipaza sauti, nilirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa kioo. Alinitazama na hakuniona. Akamwita Baba, ambaye hakuwepo. Akamwita tena. Ndipo nikasema ni mimi Mama, niko hapa, na uso wake ukabadilika papo hapo, akatabasamu, akasema jua limemwingia machoni. Alidanganya kwa ustadi mkubwa. Nikajua kuwa huo ustadi hakuupata siku ile.

Baba aliingia tukiwa bado tumesimama hivyo, mimi nimemshika kiwiko, yeye akijifanya ndiye anayenishika mimi. Hakufoka. Aliweka kipuri chini ya dirisha, akavua viatu, akapiga magoti, akalikunja zulia. Akalirudisha kochi, nami nikamsaidia. Meza aliisukuma mpaka mguu wake mmoja ukakaa hasa pale mistari miwili ya shaba inapokutana. Kisha akamwambia Mama tayari. Mama akarudi kwenye kidirisha, akashuka ngazi, akauweka unyayo juu ya mstari wa shaba, akaufuata moja kwa moja hadi kwenye kiti chake karibu na kioo, akaketi kama malkia. Baba hakunitazama. Laiti angenizaba kibao.

Jioni Mama aliniita bustanini. Sitakuzungusha, dada. Mama haoni. Ni presha ya macho. Imemla polepole kwa miaka, kuanzia pembeni, mpaka akawa anautazama ulimwengu kana kwamba yuko nyuma ya tundu la ufunguo, na sasa hata tundu lenyewe limejaa ukungu. Anatambua mwanga na kivuli, basi. Alikuwa muuguzi, alijijua mapema, siku alipomimina chai pembeni ya kikombe. Usianze kuuliza kuhusu madaktari: anakwenda kliniki, dawa za matone anaweka kila siku, na daktari amemwambia ukweli wote. Kilichopotea hakirudi.

Alimwambia mtu mmoja tu, mumewe. Na Baba alifanya nini? Alijifunga tai yake machoni akaizunguka nyumba nzima, siku baada ya siku, ili ajue wapi patamuumiza Mama. Kila alipojigonga, palizaliwa sheria. Kiti kilimgonga goti, kikawekewa sheria. Mlango ulioachwa nusu ulimpasua paji la uso. Aligundua kwamba unyayo mtupu unaweza kuusoma mstari wa shaba kwenye terazo, basi akawa anaisugua mistari hiyo kila Jumamosi isifunikwe na nta. Ndipo akang'oa maua ya Babu na kupanda harufu: mchaichai ukigusa sketi unajua umefika konani, mrehani ni bomba, mnanaa ni kamba za nguo, asumini ni nyumbani. Nami nilimwita mtu huyu mwabudu fanicha. Nilimwita dikteta, mezani, nikila chakula chake. Makumbusho niliyoyashtaki hayakuwa ya Babu hata kidogo. Nyumba yote ile, dada, ni mkono wa Baba ulionyooshwa ili Mama aushike pasipo mtu kuona kwamba ameushika.

Nilimuuliza Mama kwa nini wametuficha. Alisema amefanya kazi wodini maisha yake yote, akaona watu wakiingia na majina yao, na kesho yake wanaitwa kwa namba ya kitanda walicholala. Akasema wewe, dada, una upendo wa haraka. Ungekuja ukampakia ndani ya gari kabla hajamaliza sentensi. Huko ghorofani kwako angekuwa kifurushi kilichowekwa kwenye kochi, akingoja mtu ampeleke msalani. Hapa anachemsha chai yake mwenyewe, anaanika nguo, anakwenda kwa jirani kusengenya na kurudi. Aliniambia haogopi giza. Anaogopa kubebwa.

Nikamwomba ruhusa nikuandikie. Akakataa. Nikainuka pale bustanini nikamshushia hoja zangu zote: haki ya kujua, uwazi, ukweli kama msingi wa familia huru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikae chini, yeye si mkutano. Nilipokaa nikakosa hotuba, nikamwambia tu kwamba siku ile ya zulia ulilia garini njia nzima. Mama akauliza kama ulilia kweli. Nikasema kweli. Akasema alidhani umekasirika tu, hasira yako anaiweza, hakujua ulilia. Halafu akasema basi, nikuandikie, lakini nisimfanye maskini ndani ya barua yangu.

Kwa hiyo kazi uliyonituma nimeshindwa, na nimeshindwa kwa hiari. Dalali nimemwambia asitishe. Ameniuliza kama tumepata dalali mwingine mwenye asilimia ndogo. Mwambie na wewe, atakuamini zaidi. Na usidhani kwamba nimezisaliti kanuni zangu. Mama mwenyewe amependekeza vile vyumba viwili vya nyuma wapewe wenzangu wasio na vitanda, chuo kikifunguliwa, maana anataka watu wa kumsomea magazeti na wa kubishana nao. Baba ameridhia kwa masharti: atawafanyia usaili yeye mwenyewe, na mkoba wa kwanza kuonekana sakafuni, mwenye nao atoke nao. Nadhani atakuwa mkali kuliko Mkuu wa Chuo. Hatutagoma.

Barua hii nimemsomea Mama, neno kwa neno, kabla sijaifunga. Amenisahihisha mahali pamoja: Baba hakujifunga tai, alijifunga kitambaa chake Mama cha kichwani, chenye maua, na alionekana kichekesho kitupu, wakati huo Mama bado aliweza kumwona. Sehemu nyingine zote amezipitisha. Kisha akaniambia niongeze jambo moja, ambalo hata mimi sikulijua.

Ulipokuja na mwanao kwa mara ya kwanza ukamlaza mikononi mwake, alikuambia kwamba mtoto ana paji la uso la Baba na vishimo vyako mashavuni, ukafurahi. Maneno yale alikuwa amenong'onezwa na Baba mlangoni. Yeye hajawahi kumwona mjukuu wake. Alikuwa na hamu ya kumpapasa uso mzima siku ile, kwa mikono yote miwili, lakini aliogopa ungeelewa, akaishia kumshika mguu mdogo ndani ya soksi. Anaomba umlete. Anaomba umwandae binti njiani, umwambie kuwa bibi yake huwatazama watu kwa vidole, ili asishtuke wala asilie. Na wewe usiwe na wasiwasi, anasema, kucha ameshakata.

Shemeji apokee salamu zangu za dhati, na huyo binti umbusu kwa niaba ya mjomba wake. Tunakungoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kipaza Sauti